MAISHA YA LOUIS BRAILLE, MTOTO WA FUNDI MATANDIKO

Mhariri alipotuandikia sisi wanafunzi wa zamani akituomba habari za kujaza kurasa za jarida la mkutano wetu, alieleza kwamba amekwisha kupokea makala nyingi juu ya mpira, juu ya uji wa asubuhi, na juu ya walimu waliokuwa hodari wa kutuchapa, lakini hapana hata mmoja aliyeleta wasifu wa mtu mashuhuri kama ilivyo desturi yetu. Mimi nimefundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, basi si ajabu kwamba mtu niliyemchagua alikuwa mwalimu. Jina lake mnalijua nyote, maana limekuwa jina la maandishi. Habari zake ni wachache wanaozijua. Kadhalika nina sababu nyingine ya kumchagua, nayo imo katika ajenda ya mkutano wetu, lakini hiyo nitaieleza mwishoni.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilomita 40 hivi mashariki ya Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, lijamu na hatamu. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake katika nchi ambayo karibu kila mzigo ulikokotwa na farasi. Louis alikuwa kitinda mimba, wa nne kuzaliwa. Mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia peke yake katika karakana ya baba yake, akatwaa chombo chenye ncha (wengine husema ni msharasi, wengine kisu cha kukatia ngozi), akaanza kutoboa ngozi kama alivyokuwa akimwona mzee akifanya. Chombo kikateleza kikamchoma jicho. Siku hizo dawa za kuua vijidudu hazikuwako. Jicho lile likaoza, na ugonjwa ukahamia la pili. Alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Hapana budi kukumbuka hali ya vipofu wakati ule. Kipofu maskini wa Ulaya kazi yake ilikuwa kuomba barabarani, au kuchezeshwa sokoni ili watu wacheke. Nyumba ya fundi huyu haikufuata njia hiyo. Wazazi wake walimpa kazi ndogo ndogo za nyumbani na za karakana kama watoto wengine, na inasimuliwa kwamba baba yake aligongomea misumari katika ubao kwa umbo la herufi ili mtoto azipapase kwa vidole. Tena haya yalifanyika katika miaka ya shida, maana kati ya 1814 na 1816, Napoleon alipokuwa akishindwa vita, majeshi ya kigeni yalikaa vijijini na wenyeji walilazimika kuwalaza na kuwalisha askari.

Mwaka 1815 alifika Coupvray padri mpya, jina lake Jacques Palluy. Akamwona yule mtoto, akaanza kumfundisha mwenyewe. Kisha akaenda kwa mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee Louis darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu akakubali. Kwa muda wa miaka miwili hivi Louis alikaa katika darasa lile la kawaida, akasikiliza, akashika kwa kichwa, akajibu maswali, na wote waliosimulia habari zake wanakubaliana kwamba alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Hapa naomba nisimame kidogo. Vitabu vingi vinampita Bécheret kwa mstari mmoja, na mimi naona si haki. Mwalimu huyu hakuwa na mafunzo ya elimu maalumu, hakuwa na kifaa chochote, wala hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Siku hizi tunalo neno elimu jumuishi, na Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Bécheret alimpokea mmoja karibu miaka 180 kabla ya mkutano huo. Alichokuwa nacho ni sauti yake tu, na inatosha kusema kwamba mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni amekwisha kumsaidia asiyeona, naye anayeona hapotezi kitu.

Nasema haya kwa aibu. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi, mama mmoja alikuja na mtoto wa kiume wa miaka minane hivi, asiyeona, akaniomba nimwandikishe. Nilikuwa na watoto wengi darasani na madawati machache. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kuna shule za watoto wa namna hiyo na ampeleke huko. Shule ya karibu ya namna hiyo ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa basi. Mama akanishukuru, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Sikuwaona tena. Hakuna aliyenilaumu wakati ule wala baadaye, na mimi mwenyewe sikujilaumu mpaka niliposoma habari za Coupvray.

Turudi kwa Louis. Padri alijua kwamba shule ya kijiji ina mpaka wake, kwa sababu mtoto aliweza kusikia masomo lakini hakuweza kusoma wala kuandika. Huko Paris palikuwa na chuo cha vijana wasioona, kilichoanzishwa katika miaka ya 1780 na Valentin Haüy, mtu aliyeguswa moyo mwaka 1771 alipoona gulioni vipofu wamevalishwa mavazi ya kipuuzi na miwani mikubwa ili watu wawacheke. Kabaila wa Coupvray akaombwa aandike barua, nafasi ikapatikana, na Februari 1819 Louis, akiwa na miaka kumi, akapelekwa bweni.

Sisi tuliolala mabwenini tutaelewa upesi. Jengo lilikuwa la zamani, lenye giza na unyevunyevu, na wakati wa Mapinduzi lilikuwa limetumika kama gereza. Chakula kilikuwa haba na adhabu zilikuwa kali. Mkuu wa chuo wa wakati ule, Guillié, aliondolewa mwaka 1821, na aliyemfuata, Pignier, alikuwa mtu wa huruma zaidi. Louis alifanya vizuri karibu katika kila somo, na alijifunza muziki hata akawa mpiga kinanda hodari. Lakini unyevunyevu wa jengo lile haukumwacha salama, kama tutakavyoona.

Vitabu vya chuo vilikuwa vya Haüy. Karatasi iliyoloweshwa ilikandamizwa juu ya herufi kubwa za kawaida, a, b, c, mpaka zikainuka upande wa pili, kisha kurasa zikabandikwa migongo kwa migongo. Kitabu kimoja kilikuwa kizito kama mzigo wa kuni. Mwanafunzi alifuatisha kwa kidole umbo la kila herufi, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo. Juu ya hayo, hakuna mwanafunzi aliyeweza kuandika kwa njia hiyo. Aliweza tu kusoma, polepole, yale machache ambayo wenye macho waliona vema kumchapia. Louis, aliyekuwa amekaa darasani na watoto wenye kalamu na karatasi, alikuwa anajua hasa ni kitu gani anakikosa.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyepata kuwa kapteni wa mizinga, alileta chuoni njia yake ya kuandika kwa nukta zilizoinuliwa. Watu wengi husimulia kwamba aliibuni ili askari wa Napoleon wasomeane amri gizani. Wachunguzi wa siku hizi wanaitilia shaka hadithi hiyo, na wanasema kwamba Barbier aliwafikiria zaidi watu wasiosoma shule, pamoja na vipofu. Vyovyote iwavyo, njia yake iliandika sauti, wala si herufi. Haikuwa na tahajia, wala vituo, wala tarakimu. Alama moja iliweza kufika nukta kumi na mbili, nazo haziwezi kuingia chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Hata hivyo wanafunzi waliipenda, maana nukta ilihisiwa upesi kuliko mstari, na kwa mara ya kwanza waliweza kuandika wenyewe kwa kibao na kalamu yenye ncha.

Louis alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa muda wa miaka mitatu alifanya majaribio, bwenini usiku wenzake wakiwa wamelala, na nyumbani Coupvray wakati wa likizo. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano (vijana wa kidato cha kwanza na cha pili, mnasikia?), kazi ilikuwa imekamilika katika msingi wake. Alipunguza nukta kutoka kumi na mbili hadi sita, tatu upande huu na tatu upande huu, zikaenea chini ya kidole kimoja bila kidole kusogea. Nukta sita zinatoa alama 63 zilizo mbalimbali, zikatosha herufi, vituo, tarakimu, hata noti za muziki.

Utaratibu wake ni wa akili sana. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu tu. Ukiongeza nukta ya chini kushoto unapata kumi zinazofuata, k mpaka t. Ukiongeza na ya chini kulia unaendelea na u, v, na nyingine. Mtoto akishika kumi za kwanza amekwisha kushika nusu ya kazi. Herufi w haifuati mpango huu, kwa sababu Wafaransa wa siku hizo hawakuwa na haja nayo na Braille hakuiweka katika safu zake, ikaongezwa baadaye. Sisi kwa Kiswahili hatuwezi kuandika hata neno mwalimu bila herufi hiyo.

Kwa wale ambao hawajapata kuona, maandishi haya, ambayo kwetu huitwa nukta nundu, huandikwa kwa mkono hivi: karatasi ngumu hubanwa katika kibao chenye vijitundu, nayo kalamu ya ncha husukuma nukta kwenda chini. Mwandishi huanza kulia akaenda kushoto, na kila herufi huiandika kinyume, ili karatasi ikigeuzwa nundu zisomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto wa darasa la kwanza huzoea jambo hili upesi. Mimi mtu mzima nilitoka jasho.

Mwaka 1829 njia hiyo ilitolewa katika kitabu, na Braille hakuacha kumtaja Barbier na kumshukuru. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wa walimu palepale chuoni, na mwaka 1833 yeye na wenzake wawili wasioona, Gauthier na Coltat, walifanywa walimu kamili. Alifundisha sarufi, hesabu, jiografia, historia na muziki. Jumapili alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, likiwamo la Saint-Nicolas-des-Champs. Mwaka 1837 chuo kilichapa historia ya Ufaransa katika majuzuu matatu ya nukta nundu. Mwalimu mpole, asiyesema sana, ambaye wanafunzi wake hawakuwa na haja ya kumwogopa. Lakini tangu alipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi, alikuwa anakohoa damu. Kilikuwa kifua kikuu.

Mwaka 1840 Pignier aliondolewa kwa fitina, mahali pake pakashikwa na Pierre-Armand Dufau, aliyekuwa msaidizi wake. Dufau alipiga marufuku nukta za Braille. Aliagiza vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa, kwa mtindo wa John Alston wa Glasgow, na inasimuliwa kwamba vitabu vya zamani vilichomwa moto uani na kalamu za ncha zikanyang'anywa.

Ni rahisi kumfanya Dufau kuwa jini la hadithi. Mimi nimeifikiria hoja yake mara nyingi, kwa sababu si hoja ya mtu mbaya. Alisema kwamba vipofu wakiwa na herufi zao peke yao watatengwa na watu wengine, na kwamba njia ya kuwaunganisha na wanaoona ni kuwapa herufi zilezile. Ukimsikiliza harakaharaka utadhani yeye ndiye mtetezi wa elimu jumuishi na Braille ndiye mwenye kutenga. Lakini herufi zile zilifaa jicho la mwalimu, hazikufaa kidole cha mwanafunzi. Mwalimu aliweza kuzisoma bila kujifunza kitu kipya, na mzigo wote ukabaki kwa mtoto. Huko Coupvray Louis alikaa benchi moja na wenzake, naam, lakini mwalimu alikubali kwamba huyu atajifunza kwa masikio na wale kwa macho. Kuwaweka watoto pamoja na kuwalazimisha watumie chombo kimoja ni mambo mawili mbalimbali, na nimeona walimu wengi, nami nikiwamo, wakiyachanganya.

Naye Braille hakuipuuza hofu ya Dufau. Mwaka 1839, kabla ya ugomvi, alikuwa amekwisha kutoa njia nyingine, ambayo kwayo asiyeona aliweza kuchora herufi za kawaida kwa nukta, kwa kuhesabu mahali pa kila nukta, ili barua yake isomwe na mzazi au rafiki anayeona. Kazi ilikuwa ndefu na ya kuchosha, mpaka Foucault, aliyepata kuwa mwanafunzi wa chuo hicho, naye asiyeona, akaunda mashine ya kuirahisisha katika miaka ya mwanzo ya 1840. Hivyo ndivyo Braille alivyoitengeneza daraja: nukta sita kwa kusoma na kuandika mambo yako, na njia hii ya pili kwa kuzungumza na wenye macho.

Marufuku haikufua dafu. Wanafunzi waliandikiana kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo, na mahali ambapo kalamu ya ncha ilikosekana ilitafutwa sindano. Mkikumbuka bidii yetu ya kupitisha vitu bwenini ambavyo kiranja hakutakiwa kuviona, mtaamini. Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliyaona hayo, naye ndiye aliyemgeuza mkuu wake. Chuo kilikuwa kimehamia jengo jipya katika barabara ya Invalides mwishoni mwa 1843, na katika sherehe ya ufunguzi, Februari 1844, Guadet alieleza hadharani habari za nukta za Braille, na wanafunzi wakazionyesha mbele ya wageni. Braille alikuwapo, akiwa na miaka thelathini na mitano na mapafu yaliyokwisha kuharibika.

Alifundisha kila alipopata nguvu, akapumzika Coupvray alipozidiwa. Desemba 1851 damu ilimtoka kwa wingi, na tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka arobaini na mitatu, akafariki dunia. Magazeti ya Paris hayakuandika hata mstari. Rafiki zake walikuta kisanduku chake ambacho alikuwa ameagiza kichomwe moto bila kufunguliwa. Wakashindwa kuvumilia, wakakifungua. Ndani mlikuwa na hati za madeni, nyingi za wanafunzi maskini aliowakopesha fedha zake, naye hakutaka mtu yeyote adaiwe. Basi wakakichoma.

Mwaka 1854 nukta zake zilikubaliwa rasmi katika chuo chake. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulizichagua kuwa maandishi ya wasioona, na kutoka hapo zikasambaa duniani. Kwetu Afrika ya Mashariki zimefundishwa huko Thika, Kenya, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1946, na Buigiri, Dodoma, tangu mwaka 1950, na katika shule kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam wasioona na wanaoona hukaa darasa moja. Mwaka 1952, miaka mia baada ya kifo chake, mwili wa Braille ulihamishiwa Panthéon, wanakozikwa watu wakuu wa Ufaransa, lakini mifupa ya mikono yake ilibakizwa Coupvray.

Sasa habari ya ajenda. Shule ya msingi iliyo jirani na shule yetu imewapokea watoto wawili wasioona, nayo imeomba chama chetu kiisaidie kununua vibao, kalamu za ncha na karatasi ngumu, na kumlipia mwalimu mmoja nauli ya kwenda kujifunza nukta nundu wakati wa likizo. Nimesikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba fedha ni kidogo, na kwamba watoto hao wangepelekwa tu kwenye shule zao. Wanasema kwa upole, na ninaujua upole huo. Basi siku ya mkutano nitakuja na kibao kimoja na karatasi za kutosha, niviweke mezani karibu na chai. Ndugu yeyote atakayependa na ajaribu kuandika jina lake kabla hatujapiga kura. Akumbuke kuanzia kulia.